Kujiamini Bila Kusubiri Kibali cha Watu: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Katika ufundi wa cherehani, kazi niliyoianza nikiwa na umri wa miaka 19, nimewafundisha vijana wengi kukata na kushona, na karibu kila mmoja wao alifika siku ambayo mikono yake ilikuwa imekwisha kuiva lakini moyo wake ulikuwa bado. Kijana wa namna hiyo hushona gauni vizuri, akalipiga pasi na kulitundika, kisha mteja anapoingia humtazama usoni kabla mteja mwenyewe hajalitazama gauni. Mteja akitabasamu, fundi hupumua. Mteja akikunja uso, pengine kwa sababu tu ya maudhi aliyoyapata ndani ya daladala, fundi hupunguza bei bila kuombwa. Mimi mwenyewe niliishi hivyo kwa miaka, na mwongozo huu umetokana na njia niliyopita kutoka huko, pamoja na matokeo ya wanasaikolojia ambayo niliyasoma baadaye nikayaona yanaeleza mambo niliyokwisha kuyapitia.

Neno lenyewe linatuonyesha pa kuanzia. Kujiamini kumetokana na kuamini, na shina lake ndilo linalotupa imani, amana na mwaminifu. Ukimkabidhi jirani fedha zako akazirudisha kamili mara tatu, mara ya nne utamkabidhi bila wasiwasi, wala hutahitaji mtaa mzima uje kukuhakikishia kwamba jirani huyo anafaa. Mtu hujiamini kwa njia hiyohiyo: amekwisha kujithibitishia, mara nyingi na katika mambo madogo, kwamba akijiahidi jambo hulitimiza. Asiyekuwa na amana hiyo ndani yake hulazimika kuazima imani kwa wengine, na wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa hiyo kazi yote inayofuata hapa ni kazi ya kuweka akiba ya uaminifu kwako mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka iwe nyingi kiasi kwamba sura ya mtu mmoja aliyenuna haiwezi kuimaliza.

Utahitaji daftari, kalamu, na muda wa miezi mitatu hivi. Hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa anayeanza na ya tano kabla ya ya tatu huenda akaumia na kuacha.

Hatua ya kwanza: andika kwa siku saba ni nani unayemsubiri

Watu wengi husema wanaogopa "watu". Neno hilo ni pana mno kufanyiwa kazi. Lengo la wiki ya kwanza ni kujua ni watu gani hasa, na wanaogopwa kwa lipi. Gawa kila ukurasa wa daftari katika safu nne. Katika safu ya kwanza andika jambo ulilolifanya au uliloliacha kwa ajili ya macho ya wengine. Katika ya pili, sura iliyokujia akilini wakati huo. Katika ya tatu, maneno uliyodhani mtu huyo angesema. Na ya nne iache wazi mpaka utakapojua alisema nini hasa, ikiwa alisema chochote.

Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi: "Jumanne. Nimeahidi mchango wa harusi wa shilingi laki mbili ilhali uwezo wangu ni elfu hamsini. Sura: shangazi na mwenyekiti wa kamati. Nilidhani watasema nimekuwa bahili tangu nifungue duka. Walichosema: shangazi hakutaja kitu, mwenyekiti alisoma orodha nzima kwa dakika mbili kisha akaingia kwenye suala la ukumbi." Andika kwa ukweli wa namna hiyo, pamoja na kiasi cha fedha, kwa kuwa kutafuta kibali kuna gharama inayohesabika na ni vizuri uione kwa tarakimu.

Usijaribu kubadilisha lolote katika wiki hii. Siku ya nane soma kurasa zote kwa mfululizo. Kwa uzoefu wangu na wa niliowaelekeza, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba sura zinazorudi ni chache, mara nyingi tatu au nne, na miongoni mwake huwamo mtu ambaye hamjaonana kwa miaka, au hata marehemu. La pili ni kwamba safu ya nne ama imebaki tupu, ama ina maneno mepesi kuliko yale ya safu ya tatu.

Jambo hili la pili limepimwa. Mwaka 1902 mwanasosholojia wa Marekani, Charles Cooley, alieleza kwamba mtu hujitazama katika wengine kama anayejitazama kwenye kioo, na kwamba anachokiona humo ni yale anayodhani wengine wanayafikiria juu yake. Karibu karne moja baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwanamuziki ambaye vijana wangeona aibu kuonekana naye kifuani, kisha wakawaingiza katika chumba chenye wenzao. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangemtambua mtu aliye kwenye picha. Waliomtambua kwa kweli walikuwa karibu robo. Nimeliona hilo dukani mara nyingi. Fundi hulala akiwaza mshono uliopinda kwa upana wa uzi mmoja, na mwenye nguo ameivaa harusini, amecheza, na hana habari.

Hatua ya pili: tenga ushauri, heshima na kibali

Hapa ndipo miongozo mingi ya kujiamini inapotupotosha sisi tuliolelewa na msemo kwamba mtu ni watu. Humwambia msomaji asijali mtu yeyote anasema nini. Ushauri huo ni mbaya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi ningekuwa nimeharibu vitambaa vingi zaidi kama nisingesikia la mwalimu wangu. Kinachotakiwa ni kutofautisha vitu vitatu ambavyo kwetu huja vimefungwa katika furushi moja.

Ushauri ni maarifa: mtu anakueleza jambo analolijua nawe hulijui. Heshima ni deni la malezi: unamsikiliza mzee hadi mwisho, hupandishi sauti, unamwamkia hata mkiwa mmetofautiana. Kibali ni ruhusa ya kujiona una thamani. Mpokee kila anayekushauri, mheshimu kila anayestahili, lakini kibali hicho usiende kukiomba, maana hata anayekupenda sana hawezi kukitunza kwa niaba yako.

Maoni ya mtu yanapokufikia, yapitishe katika maswali haya kabla hayajashuka moyoni. Je, anaijua kazi au hali anayoizungumzia? Je, matokeo ya uamuzi huu yatamgusa naye, au yataishia kwangu? Je, amesema jambo ambalo ninaweza kulifanya kesho asubuhi? Mtu anayekuambia "kola hii imekaa vibaya, ukate upya kwa mshazari" amekupa ushauri hata kama amekuambia kwa ukali. Anayekuambia "wewe ushonaji huuwezi" hajakupa cha kukifanyia kazi, hata kama ameyasema kwa upole.

Wengi huniuliza namna ya kumjibu mkubwa bila kumkubalia na bila kumvunjia heshima. Maneno mafupi yanatosha: "Nimekusikia baba, na nashukuru kwa kunifikiria. Nitalitafakari, na Jumapili nitakuletea jibu." Kisha Jumapili ulipeleke kweli. Kupeleka jibu kwa siku uliyoitaja, hata likiwa ni hapana, humwonyesha mzee kwamba umempima kwa uzito wake, na wazee wengi huumizwa zaidi na kukwepwa kuliko kukataliwa.

Hatua ya tatu: weka amana kwa ahadi ndogo

Hii ndiyo hatua iliyobeba mwongozo mzima, na ndiyo itakayochukua muda mrefu kuliko zote. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alichapisha nadharia iliyoeleza mahali ambapo imani ya mtu juu ya uwezo wake hutoka. Alitaja chemchemi nne: mambo ambayo mtu mwenyewe amewahi kuyafanya akafaulu, kuwaona watu wanaofanana naye wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake, kama vile moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka. Aliiona ya kwanza kuwa yenye nguvu kupita nyingine. Maneno ya kutia moyo yamo katika orodha, lakini imani iliyojengwa kwa maneno matupu huvunjika upesi mtu anapokutana na kushindwa kwa kweli. Ndiyo maana anayesifiwa kila siku anaweza kubaki na njaa ileile: anakula kutoka chemchemi dhaifu.

Anza na ahadi moja. Iwe ndogo kiasi cha kukutia haya kuitaja, na kwa bahati nzuri hutaitaja kwa mtu yeyote. Isizidi dakika kumi na tano kwa siku. Iwe ni tendo linaloonekana, kwa mfano kuandika mauzo ya leo kabla ya kufunga duka, kusoma kurasa tano za kitabu cha somo linalokushinda, au kutembea hadi kituo cha pili badala ya cha kwanza. "Kuwa mtu bora" haiwezi kuwa ahadi kwa sababu jioni hutajua kama umeitimiza. Iunganishe na jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kwa muundo wa "nikishamaliza hiki, nitafanya kile": nikishakunja jamvi la swala, nikishaosha vyombo vya usiku, nikishaegesha pikipiki. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, ambaye amechunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mtu anayetaja wakati na mahali pa kutenda hutimiza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu kwamba anakusudia.

Iendeshe ahadi hiyo kwa siku kumi na nne, kila jioni ukiandika mstari mmoja: "Niliahidi, nimefanya." Hakuna haja ya kujipongeza zaidi ya hapo. Siku ukikosa, andika sababu bila kujitukana, na kesho yake urudi kwenye kiwango kilekile. Usikiongeze ili kufidia. Nimewaona wengi wakijitwisha mzigo maradufu kwa hasira, wakashindwa tena, na akiba yote ya siku kumi ikaonekana si kitu. Baada ya siku kumi na nne unaweza kuongeza ahadi ya pili, au kuikuza ya kwanza kidogo. Mwisho wa mwezi wa pili utakuwa na kurasa zenye mistari mingi ya uthibitisho kwa mwandiko wako mwenyewe.

Nasisitiza sana suala la siri. Ukitangaza kwamba umeanza kukimbia kila asubuhi, watu watakusifu kabla hujakimbia, na sehemu ya kiu iliyokusukuma itakuwa imekwisha kukatwa kwa maneno. Ukiacha, wao ndio watakaokuwa mahakimu. Amana yako ikae kwako. Kama unahitaji kumshirikisha mtu, awe mmoja, na umwombe akuulize kitu kimoja tu kila wiki: umefanya au hujafanya.

Nguvu ya akiba ya namna hii naiona vizuri katika maisha ya Wangari Maathai. Mwaka 1989 alipopinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, alikejeliwa bungeni, akashambuliwa hadi katika mambo ya ndoa yake iliyovunjika, na shirika lake likaondolewa katika ofisi lilizokuwa likizitumia. Jengo halikujengwa. Tunapoisimulia habari hiyo hukumbuka siku za makabiliano na kusahau kwamba alikuwa amekwisha kufanya kazi ya upandaji miti tangu mwaka 1977, akianza na miche michache. Alipoambiwa hajui anachokisema, alikuwa na miaka kumi na miwili ya kazi ya mikono yake na ya wanawake wa vijijini inayoshuhudia vingine. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2004; isingeweza kuwa ndiyo iliyomsimamisha mwaka 1989.

Hatua ya nne: jipime kabla hujapimwa

Siri ya hatua hii iko katika utaratibu wa mambo. Kabla ya kuionyesha kazi yako kwa mtu yeyote, iwe ni nguo, ripoti, hotuba au chakula cha wageni, andika vigezo vinne au vitano vya kazi iliyo nzuri na ujipe alama katika kila kimoja. Kwangu mimi vigezo vya gauni ni hivi: vipimo vimefuatwa, mishono imenyooka, upande wa ndani umesafishwa usiwe na nyuzi, pindo liko sawa pande zote, na limekamilika siku niliyoahidi. Mwalimu atakuwa na vyake, na dereva vyake. Ukishajipa alama, ndipo mteja aitwe.

Anayefanya hivyo hukutana na maoni ya watu akiwa tayari na maoni yake. Akisifiwa mahali ambapo alijipa alama ndogo, hujua kwamba sifa ile ni ya ukarimu, na hurudi kurekebisha. Akilaumiwa mahali alipojipa alama kubwa, huangalia tena kwa utulivu: pengine kuna alichokikosa, pengine mteja alitaka kitu kingine tangu mwanzo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwangusha.

Mtanzania Filbert Bayi alikimbia kwa kipimo chake. Wakati wake, wakimbiaji wengi wa mita 1,500 walikuwa wakijibanza katikati ya kundi na kusubiri mzunguko wa mwisho, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Nyuzilandi, Bayi aliondoka mbele tangu mwanzo na kubaki mbele hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Aliyemfuata, John Walker, naye alikimbia chini ya rekodi iliyokuwapo. Aliye mbele peke yake hana mgongo wa mwenzake wa kuupimia mwendo, hivyo ni lazima ajue mwendo wake kutoka mazoezini. Ukiwa na vigezo vyako kwenye karatasi, nawe unajua mwendo wako.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea sifa. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck, katika utafiti wao wa mwaka 1998, waliwapa watoto mafumbo ya kufumbua, wakawasifu baadhi kwa akili zao na wengine kwa juhudi zao. Waliosifiwa kwa akili walielekea baadaye kuchagua kazi rahisi ambazo zingelinda sifa hiyo, na walipokutana na mafumbo magumu yaliyowashinda, walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao hata waliporudishiwa mepesi. Kwa hiyo ukijisemea baada ya kazi, sema ulichofanya: "Nimefumua kiuno mara mbili mpaka kikakaa." Maneno kama "mimi ni hodari" yaache, kwani kesho utaogopa kuyapoteza.

Hatua ya tano: panda ngazi ya kutokubalika

Mpaka hapa umefanya kazi ya ndani. Sasa ni wakati wa kuuzoesha mwili hali ya mtu kutokuridhika nawe, kwa kuwa hofu hii haiishi kwa kuielewa. Huisha kwa kukutana nayo mara nyingi katika kipimo kinachovumilika. Andika matendo kumi ambayo hukwepa kwa kuogopa kunung'unikiwa, ukayape alama ya hofu kuanzia 1 hadi 10, na uyapange kama ngazi kuanzia lililo jepesi.

Katika vipawa vya chini, yaani vidaraja vya chini vya ngazi hiyo, unaweza kuweka kuuliza bei ya kitu dukani na kuondoka bila kununua, kumwambia mama lishe kwamba uliagiza wali naye ameleta ugali, au kumwomba kondakta chenji yako kabla ya kushuka. Katikati weka kuuliza swali kwenye kikao cha kazi, kusema "mimi naliona kwa namna nyingine" mbele ya marafiki, au kutaja mchango ulio ndani ya uwezo wako. Juu kabisa huwapo yale mazito: kukataa kumkopesha ndugu fedha za ada ya mtoto wako, au kuwaeleza wazazi kwamba umechagua fani nyingine.

Fanya kipawa kimoja mara tatu au zaidi kabla ya kupanda kingine. Kila mara, baki mahali hapo hadi moyo utulie, hata kama ni kwa kunyamaza tu. Anayesema hapana kisha akakimbia, au akaongeza maelezo ishirini na kuishia kukubali nusu, ameufundisha mwili kwamba kweli kulikuwa na hatari. Sema mara moja, kwa sentensi iliyokamilika, kisha nyamaza: "Ndugu yangu, safari hii sitaweza. Nakuombea ulifanikishe." Akirudia, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Usitoe sababu ya uongo, kwani uongo utakutaka uulinde kesho, na ukishajidanganya kwa ajili ya kupendwa, amana uliyoiweka katika hatua ya tatu inapungua.

Usijilaumu ukiona uzito mkubwa wa kuwa peke yako. Katika majaribio yake yaliyochapishwa mwaka 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, jibu likiwa dhahiri kabisa. Lakini wenzao chumbani, waliokuwa wamepangwa, walipotoa jibu la makosa kwa pamoja, takriban robo tatu ya waliopimwa walilifuata kosa hilo angalau mara moja. Alipokuwapo mtu mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo kabla ya kikao kigumu, tafuta mtu mmoja anayeliona jambo kama unavyoliona na mkae mkijua hivyo. Huyo hakupi kibali, anakupunguzia upweke.

Kuhusu simu, sifa na lawama

Simu inahitaji maneno machache. Tangu kitufe cha kupenda kilipoingia Facebook mwaka 2009, kibali kimekuwa kitu cha kuhesabika kwa namba, na namba hiyo huonekana kila unapofungua mtandao. Zima arifa za kupendwa. Ukiweka picha au maandishi, funga programu na usirudi kwa saa tatu. Kazi uliyoimaliza leo ionyeshe baada ya siku mbili, ukishajipa alama zako. Na uache kabisa kuchungulia orodha ya waliotazama hali yako ya WhatsApp. Nimeijaribu tabia hiyo pande zote mbili na sikuwahi kupata ndani yake hata kitu kimoja cha manufaa.

Sifa ipokee kwa "Asante, nashukuru," uishie hapo. Kujishusha ili usifiwe tena ni namna nyingine ya kuomba. Lawama ipe siku moja kabla ya kuijibu. Usiku huo andika maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, ukate yale yanayohusu hasira ya msemaji, na uone kama kuna sentensi inayobaki. Ikibaki, ifanyie kazi na umshukuru aliyeisema. Isipobaki, funga daftari ulale.

Siku ya kuanguka

Siku itakuja ambapo utarudi ulikotoka. Mimi, baada ya miezi ya kufanya vizuri, nilifumua koti zima la mteja mmoja kwa sababu rafiki yake aliyemsindikiza alicheka. Koti halikuwa na kasoro. Nilikaa usiku kucha nikilishona upya, na asubuhi mteja akaniuliza kwa nini sijalimaliza siku tuliyopatana. Siku kama hiyo fungua kurasa za ahadi uzisome, kisha ujisemee kama ambavyo ungemsemesha mwanafunzi wako unayempenda: umekosea hapa, umechoka, kesho uanze na ahadi ya dakika kumi na tano. Mwanasaikolojia Kristin Neff, ambaye amelichunguza jambo la mtu kujihurumia tangu mwaka 2003, ameonyesha kwamba anayejitendea kwa upole baada ya kushindwa halegei kwa sababu hiyo. Huwa na nafasi zaidi ya kulitazama kosa lake waziwazi.

Ninaomba pia tahadhari hii isomwe kwa makini. Ikiwa unaishi na mtu anayepiga au kutishia, ngazi ya hatua ya tano usiifanyie mazoezi kwake. Hofu yako kwake ni taarifa sahihi, na kinachotangulia ni usalama wako, kwa msaada wa ndugu unaowaamini, ustawi wa jamii au polisi. Na ikiwa hofu ya watu inakuzuia kutoka nyumbani, kula, kulala au kwenda kazini kwa wiki kadhaa, nenda hospitali au kwa mshauri wa saikolojia. Tatizo hilo lina tiba, na daftari peke yake halitatosha.

Baada ya miezi mitatu

Rudia zoezi la siku saba la hatua ya kwanza, kwa safu zilezile nne, katika kurasa mpya. Linganisha na za mwanzo. Usitafute daftari tupu, kwa sababu macho ya watu hayaishi, wala si vizuri kwamba yaishe. Angalia kama kiasi cha fedha na saa ulizozitumia kununua kibali kimepungua, kama sura ni zilezile, na kama umeanza kuandika safu ya tatu kwa shida kwa kuwa hukumbuki vizuri ulichodhani wangesema. Sura iliyobaki na uzito uleule ndiyo utakayoipangia ngazi yake peke yake kwa miezi mitatu mingine. Yangu ilikuwa ya mwalimu aliyenifundisha kushona, na iliniachia katika mzunguko wa tatu, siku nilipompelekea kanzu niliyomshonea, nikaitandika mezani, na nikajikuta nimeitazama kanzu kwanza.